Visigino vya Adinani

Jumanne, 22 Oktoba 2024

Siku mbaya. Sista Doreen wa kliniki ya sukari kapita sokoni asubuhi, kasimama mbele ya cherehani yangu. Nikadhani kaleta gauni la kupunguza. Kumbe kaleta habari. Siku ya Kisukari Duniani, tarehe kumi na nne mwezi ujao, kutakuwa na sherehe hapa hapa Nachingwea, na mgonjwa mmoja wa mfano atapanda jukwaani kuwaeleza watu anavyotunza miguu yake. Atapewa fulana, kofia, na viatu maalumu vya wagonjwa wa sukari, ngozi laini ndani na nje. Atakaa meza kuu na mgeni rasmi!

Nikaanza kujipangusa vipande vya nyuzi ili nikubali kwa unyenyekevu. Sista kasema wanamfikiria Adinani.

Adinani! Huyu ameoa Amna, mdogo wa mke wangu Biasha. Mimi nimetangulia kuoa katika nyumba ile. Nimetangulia kuugua pia, sukari yangu ina mwaka mzima zaidi ya yake. Hata ugonjwa kaniiga. Halafu yeye ndiye wa mfano.

Jioni nimemweleza Biasha. Mama yake, Bi Hajra, tunayeishi naye, kadakia kwamba alijua tu, maana miguu ya Adinani ni ya bibi harusi. Kisha kaitazama yangu. Mama mkwe wangu asiposema kitu ndiyo kasema. Ni kweli nina magaga. Kifungo cha shati kinaingia kwenye ufa wa kisigino changu cha kulia na kutulia humo. Lakini ni kisigino cha mtu anayefanya kazi.

Sista kasema watathibitisha jina baada ya kliniki ya keshokutwa. Bado nina kesho nzima.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimepata mpango. Mtu wa mfano hawezi kuwa na sukari ya juu. Na sasa ni msimu wa mabibo, matunda ya mkorosho!

Nimekamua ndoo ya mabibo mekundu yaliyoiva mpaka yanapasuka. Nikachuja kwa kitambaa cha bitana. Nimepeleka jagi kwa Adinani mwenyewe, nikasema ni heri ya ndugu kwa ndugu. Hakuwepo. Amna kapokea kwa mikono miwili, kanishukuru sana, kasema mume wake siku hizi hagusi vitu vitamu ila watoto watafurahi. Mbele ya macho yangu wakaja watoto, jagi likaisha. Amna kanirudishia jagi limejaa mchicha.

Nyumbani ndoo ilikuwa bado na juisi zaidi ya nusu. Kutupa neema ya Mungu ni dhambi. Nikanywa kikombe. Ilikuwa tamu sana, ubaridi wake kama wa mtungini. Nikanywa tena ili kuhakikisha haijachacha. Usiku Biasha kauliza juisi yote imekwenda wapi. Nimemjibu imekwenda kwa Adinani, jambo ambalo lina ukweli ndani yake.

Alhamisi, 24 Oktoba

Kliniki. Adinani alifika mapema kuliko mimi na kuniwekea nafasi kwenye benchi. Ujanja mtupu. Alitaka nishukuru mbele ya watu. Nikashukuru kwa kukohoa.

Kwanza kidole na kipimo. Adinani kapata sita na kitu. Sista kasema vizuri sana, Mzee Adinani. Zamu yangu kipimo kiligoma kutoa namba. Sista kasema sukari yangu imepita pale mashine inapoweza kusoma. Yeye kaambulia sita tu, mimi kipimo kimeishiwa namba! Sista hakuona ajabu yake. Kaniuliza nimekunywa nini. Nikasema maji. Kaniuliza maji ya mti gani.

Halafu miguu. Unalala kitandani, unafumba macho, Sista anakugusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha nailoni, na kila ukisikia unasema nasikia. Adinani kasema nasikia kila alipoguswa. Nikaapa kumpita. Mimi ni fundi cherehani, sasa uzi utanishinda nini?

Nikafumba macho. Nikasema nasikia! Sista kasema bado hajaanza, anatafuta kalamu yake. Watu wa nyuma ya pazia wakacheka. Basi nikatulia nisubiri aanze. Nikasubiri. Nikadhani kaenda kunywa chai. Nikafumbua jicho moja, nikamwona ananawa mikono. Kamaliza! Kasema kanigusa miguu yote miwili, kila mahali, sikutoa sauti.

Kasema ni ganzi, sukari imeiumiza mishipa ya fahamu. Kasema mguu usiosikia haulalamiki, hivyo lazima macho yangu yaulinde: niukague kila jioni, nisitembee pekupeku, nivae viatu vya kufunika, na nisipake chochote bila kumwuliza. Yote hayo kayasema Adinani akiwa amesimama pale pale, anatikisa kichwa kama mwalimu mkuu.

Maoni yangu: uzi ulikuwa mbovu. Uzi wa namna ile mimi nisingeshonea hata gunia la ufuta.

Na jina limethibitishwa. La Adinani. Ila Sista kasema kila mwenye sukari anakaribishwa, na wengine wanaweza kuombwa waseme neno. Nimelishika hilo.

Ijumaa, 25 Oktoba

Msikitini. Tumekaa safu ya kutawadha, Adinani kando yangu. Kavua viatu na soksi (soksi, Nachingwea, mwezi wa kumi!) na visigino vikatoka vinang'aa. Wazee wakaacha maji yanamwagika. Mmoja kamwuliza anapaka nini. Adinani kasema mafuta ya mgando tu, na kuosha kwa maji ya vuguvugu, na kufuta katikati ya vidole. Uongo! Hakuna kisigino kinachong'aa vile bila dawa ya siri. Vyangu nilivificha chini ya maji.

Nakiri humu, maana mwandiko wangu Biasha hausomi: nimeona wivu. Ulinikaa kifuani tangu rakaa ya kwanza mpaka ya mwisho. Sijui niliomba nini. Nadhani niliomba magaga yahame.

Mchana kazini. Mimi hushona pekupeku, kanyagio la cherehani hulielewi ukiwa na viatu. Jioni Biasha kapiga ukelele. Pini ya kushikizia nguo ilikuwa imezama kwenye unyayo wangu mpaka kichwani, na mimi nimetoka nayo sokoni mpaka nyumbani bila kujua. Kaichomoa. Kaniambia, Baba Twalha, kesho twende kwa Sista tukamwonyeshe. Nikamwuliza tumwonyeshe nini, pini? Adinani angelia mpaka majirani waje. Mimi hata uso sijakunja.

Biasha kanitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anavutiwa.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimeikumbuka dawa. Mafuta ya maganda ya korosho! Bibi yangu alikuwa anaziba magaga kwa mafuta yale na visigino vyake vilikuwa laini mpaka anazikwa. Kila mtoto wa huku anajua mafuta ya ganda yanavyobabua midomo. Ndiyo nguvu yake. Yanang'oa ngozi mbovu, inabaki mpya.

Nimechoma maganda kwenye sufuria la zamani nyuma ya choo. Moshi ukamtoa Bi Hajra ndani anakohoa, kauliza kuna nini. Nikasema nafukuza mbu. Kasema mbu wamebaki, yeye ndiye aliyefukuzwa.

Bibi alikuwa anatia tone kwenye ufa kwa ncha ya njiti. Lakini Bibi hakuwa na tarehe kumi na nne. Nimepaka unyayo mzima wa kulia, nikafunga kitambaa, juu yake soksi. Bibi alisema yakianza kukuuma mpaka machozi, ujue yanafanya kazi, ufute. Nikasubiri machozi. Hakuna. Sikusikia kitu kabisa.

Nikaongeza.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimefungua. Ngozi ya zamani imetoka na kitambaa, yote! Chini yake pekundu, panang'aa, laini kuliko pa Adinani. Nilitamani nikimbie nikamwonyeshe. Tatizo ni moja dogo, kisigino chenyewe kimekuwa kidonda, kama ukubwa wa kizibo cha soda. Hakiumi hata kidogo. Na kidonda kisichouma si kidonda.

Hata hivyo nimekwenda duka la dawa, nikanunua vidonge vya rangi mbili, nikavifungua na kumwagia unga wake juu, kama watu wote wanavyofanya. Binti wa duka kaniuliza kama nina sukari. Nikasema swali hilo linahusiana nini na kisigino. Kasema niende hospitali leo leo. Wauza dawa wa siku hizi hawataki kuuza.

Natembea sawasawa, bila kuchechemea. Biasha hajashtuka.

Jumatatu, 4 Novemba

Kizibo cha soda kimekuwa mdomo wa kikombe cha kahawa. Unga haushiki, unaloa.

Nikakumbuka mwaka jana Adinani alionekana kijijini Mkotokuyana kwa Mtaalamu Shehe, mganga wa mizizi. Nikajisemea, siri iko huko! Nikapanda bodaboda. Dereva kaninusanusa njia nzima, kaniuliza kama nimebeba samaki.

Mtaalamu kafungua kitambaa. Karudi nyuma hatua mbili, kaziba pua kwa kanzu. Kasema mguu wa sukari hagusi tena. Zamani alishika mmoja, akaufukiza majani mwezi mzima, ukamharibikia na mwenye mguu akafa, na mpaka leo akipita nyumbani kwao hatazami watu. Kasema siku hizi akiuona huuelekeza hospitali, tena wa kwangu niende na bodaboda hii hii, dereva asiizime.

Nikamwambia aache kuniringia, aseme alimpa nini Adinani. Kasema Adinani alikuja kununua jogoo.

Sikuamini. Ndipo akasema yeye mwenyewe ana sukari, kliniki hakosi. Kavua viatu, kavua soksi, kanionyesha visigino. Vinang'aa! Mganga wa Mkotokuyana! Nimeondoka nyumbani na wivu wa mtu mmoja, nimerudi na wa wawili.

Sikupita hospitali. Sista akikiona kidonda kabla ya sherehe, atanifuta hata kwenye hao wengine wa kusema neno.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku ya kliniki. Nimemwambia Biasha naenda, nikaenda kukaa nyuma ya ghala la korosho mpaka adhuhuri. Mpango ungekwenda vizuri kama si Adinani. Kaja nyumbani mchana, kabeba dawa zangu, kawaambia kaka mkubwa hakuonekana kliniki, akaona amchukulie asikose. Msaliti! Kafanya wema makusudi, ili nikamatwe.

Pia kuna harufu. Bi Hajra kasema kuna panya kafia ndani. Tumeinua vitanda, tumetoa masanduku, nimesaidia kumtafuta panya kwa bidii kuliko wote. Kila chumba nilichoingia walisema yuko humo.

Jioni Biasha kapiga magoti mbele yangu. Kaniomba, Baba Twalha, nionyeshe mguu. Kasema anaogopa. Kasema hataki kuwa mke wa mtu wa magongo, wala mjane, na kwamba hana haja ya mtu wa mfano, ana haja na mimi. Nikamwambia ataniona jukwaani. Kachukua mto wake, kaenda kulala kwa mama yake.

Nimeumia. Amna hajawahi kumhama Adinani. Nina baridi, ingawa usiku una joto.

Alhamisi, 14 Novemba

Siku yenyewe! Naandika kwa tabu, mkono una sindano ya maji.

Niliamka na homa. Nikavaa kanzu niliyojishonea, na viatu vya Idi, vinabana lakini vinameta. Kidonda nilikipulizia marashi. Mpango: Adinani akimaliza kusema, kabla mshereheshaji hajafungua mdomo, mimi niwe tayari niko juu ya jukwaa nikisema neno.

Nikakaa mbele kabisa. Watu wa pembeni yangu wakahama mmoja mmoja mpaka safu nzima ikawa yangu. Nikaona ni heshima.

Adinani kapanda. Fulana, kofia, na viatu vile! Moyo ulinichoma kuliko mafuta ya ganda yalivyoshindwa kunichoma. Kaanza kusema. Kasema siku alipoambiwa ana sukari alikaa chini ya ukuta wa hospitali akalia, akijua amekufa. Kasema aliyekuja kumwinua ni kaka yake mkubwa, fundi Masoudi, aliyemwambia sukari si kaburi, inuka. Kasema fundi Masoudi ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kliniki mara ya kwanza, na kama ana miguu leo ni kwa sababu yake. Kaninyooshea mkono. Uwanja mzima ukanipigia makofi.

Hata kunisifu kanishinda! Nilikuwa nimepanga kujisifu mwenyewe, na ninayo maneno mazuri zaidi. Nikasimama kwenda kumpokonya kipaza sauti. Ngazi ya kwanza nimepanda. Ya pili mguu wa kulia haukuja. Nikaanguka kifudifudi na kiatu kikatoka.

Sista Doreen kafika wa kwanza. Kafungua kitambaa, kasema Mungu wangu. Mgeni rasmi kahamisha kiti. Halafu gari la wagonjwa, king'ora wazi, likakata katikati ya uwanja, na vichwa vyote vikamwacha Adinani vikanigeukia mimi! Dakika nzuri kuliko zote za maisha yangu. Ila Adinani karuka kutoka jukwaani, kapanda garini nami, kanikumbatia kichwa na kulia kwa sauti, kipaza sauti bado kiko mkononi mwake. Uwanja mzima ukamsikia. Watu wanasema walilia kwa ajili yake.

Jumanne, 19 Novemba

Niko wodini. Mafuta yalivuja mpaka vidoleni, kwa hiyo wamekata vidole viwili vya mguu wa kulia na nyama ya kisigino. Daktari kasema ningechelewa siku chache tu, wangekata mguu gotini, au wangenizika. Kasema mguu nilionao ni wa bahati, na kwamba sasa kuupoteza au kubaki nao ni juu yangu. Biasha amelala sakafuni pembeni ya kitanda tangu siku ile, hajarudi nyumbani hata kuoga. Adinani kaleta vile viatu maalumu, kaviweka chini ya kitanda changu, kasema ni vyangu nikipona. Ni namba ya mguu wake. Anataka nivae alivyovaa yeye.

Nilidhani hapa angalau mgonjwa mkubwa ni mimi. Lakini kitanda cha jirani kuna Andrea, mkulima wa Nanganga, kule Ruangwa, naye ni wa sukari. Huyu wamemkata chini ya goti.

Hakuna anayetazama vidole vyangu! Daktari kwangu anapita, kwake anasimama. Bandeji yake ni kama mto, yangu kama kitambaa cha kufutia miwani. Kwaya ya kigango chao cha kanisa imekuja na magari mawili ya Noah, wakaimba mpaka wagonjwa wa wodi ya pili wakajikokota kuja kusikiliza. Kuku wa kuchemsha kila siku. Bi Hajra, mama mkwe wangu mimi, kavuta kiti kakaa kwake, anampepea. Hata uji alioupika Biasha kwa ajili yangu, nusu umemiminwa kikombe cha Andrea. Biasha kaninong'oneza kwamba masikini, yule ndiye mgonjwa.

Na ana kiti cha magurudumu. Kipya. Anasukumwa kwenda kuota jua, watu wanampisha na kumwamkia.

Leo nimemwomba Sista Doreen nami nipate. Kasema kile ni cha asiye na mguu, wewe Mzee Masoudi mguu unao, mshukuru Mungu na uutunze. Kuutunza! Hii ndiyo shida ya hospitali zetu, ukitunza hupati kitu.

Andrea anaonekana mtu mwema, anapenda mazungumzo. Kesho nitamwuliza yeye alianza na nini mpaka akafikia kiti kile.